Ming'oko, Gari Tulilolichimba Nanganga

Vijana wangu wa gereji, siku ile mliponiaga mlinipa shati jeupe. Shati jeupe kwa fundi! Liko kwenye sanduku, nalitoa Ijumaa, nalirudisha. Asanteni sana. Lakini nimekaa hapa barazani nikaona kuna mambo sikuwaambia tukiwa kazini, maana kazini mdomo umeshika nati na mikono imeshika jeki, mtu atasimulia saa ngapi? Sasa mikono iko bure. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande, ipigeni nyundo kidogo itakaa.

Sitaandika nilipanda nikawa nani. Nilikuwa fundi, nikawa fundi mzee. Hapo katikati ndipo penye maneno.

Nilianza kazi kwenye karakana ya misheni, pale Masasi, nikiwa na kaptura moja. Baba yangu alinipeleka kwa mguu, akanikabidhi kwa Fundi Edifonsi kama mtu anavyokabidhi mbuzi. Fundi Edifonsi alikuwa Mmakua, mfupi, na masikio makubwa ambayo wenyewe tuliamini ndiyo yalimpa ufundi, maana alikuwa anasikia valvu mbovu gari likiwa bado liko sokoni. Mimi Myao, na Wayao na Wamakua ni watani, basi salamu ilikuwa hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Myao wewe?"

"Ndiyo."

"Umeletwa kufanya kazi au kuuza chumvi?"

Akanipa debe la nati na bolti zilizochanganyika, na bakuli la mafuta ya taa. Nizioshe, nizipange kwa ukubwa. Wiki tatu nilipanga nati. Nikimaliza anamwaga upya, anakoroga na mwiko, anasema panga tena, sasa fumba macho. Nilimchukia mtu yule, Mungu anisamehe. Mpaka leo mkiniwekea nati mkononi gizani nitawaambia ni ya kumi na tatu au kumi na nne, na kama uzi wake umeliwa. Nyinyi mna simu zenye tochi, sawa, lakini tochi haiingii nyuma ya injini ya Pijo.

Alikuwa na sheria moja. Ukitengeneza gari, wa kwanza kulipanda ni wewe. Nilipofunga breki za lori la misheni kwa mara ya kwanza, akaniweka kiti cha mbele, tukapanda hadi Newala kupeleka saruji, kisha tukageuza kuteremka. Mnaijua ile barabara inavyoangalia chini. Akaniambia, "Omba dua kwa sauti, nisikie kama una mashaka." Niliomba zote nilizozijua, na nyingine nikazitunga. Tulifika. Akasema, "Umefunga vizuri, lakini dua zako zina makosa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuoka ngozi za breki. Hili liandikeni mahali, maana nikifa litapotea. Siku hizo vipuri havikufika kwetu. Ile ngozi inayobana ndani ya dramu ikiisha, tulijitengenezea. Unachukua mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi, unachanganya na nyuzi za katani zilizokatwakatwa na unga wa shaba uliokwanguliwa kwa tupa. Unakanda, unabandika kwenye chuma chake, unabana, unaoka kwenye tanuri la udongo siku mbili mchana na usiku, moto mdogo usiozima. Ikiiva inakuwa ngumu kama kwato, inabana, inanyamaza. Lakini mafuta yale yakiwa mabichi ni adui. Aliyewahi kukaanga korosho anajua, yakikugusa yanakuchubua ngozi. Kwa hiyo kipimo cha fundi ni kidole chake: ikiwasha, rudisha jikoni. Siku mbili, siyo moja na nusu. Moto hausomi mawazo yako.

Fundi Edifonsi alipofariki tulimzika na spana namba kumi na tatu mfukoni. Padri hakuambiwa.

Nikafungua gereji yangu, hii mnayofanyia kazi, ilipokuwa ni mwembe na mnyororo. Miaka ikapita, magari yakaja. Sitayahesabu. Kuna bwana mmoja aliniletea Landrova anasema inalia kama mtu. Nikafungua, nikakuta kweli, paka amezaa juu ya gia boksi. Tuliache hilo.

Nilitaka kusema habari za kuchomoka, ile michuano yetu ya magari. Nyinyi mmeikuta, hamjui ilikotoka. Ilianza kwa utani tu. Watu wa Newala walikuwa wanasema magari yao yana nguvu kwa sababu yanapanda mlima kila siku. Watu wa Masasi wakawajibu, mlima mnaupanda kwa sababu hamna maji, mnakimbilia chini kuyafuata. Maneno yakawa mengi, mpaka siku moja baada ya msimu wa korosho wakasema basi, tuyaweke magari mawili mstari mmoja tuone nani anachomoka. Tukaomba kibali, tukapewa, pamoja na mgambo wawili wa kushika kamba. Mahali ni pale uwanja mkongwe wa ndege, siku ya Idi Pili, Waislamu na Wakristo wote wapo. Mita mia nne, tulizipima kwa kamba ya kisima. Magari yawe ya zamani, ya kuungaunga, ya dukani hapana. Ukitokea na gari la dukani unazomewa hata ukishinda.

Na zawadi ikawa hivi. Newala wakishindwa, wanaleta Masasi magunia ya korosho. Masasi wakishindwa, wanapandisha lori la maji, matangi manne, hadi kijiji atakachochagua dereva aliyeshinda. Na mshindi ana ruhusa ya kumtania aliyeshindwa mwaka mzima bila kujibiwa. Wengi walikimbilia hiyo ruhusa.

Miaka kadhaa ikapita, mimi nikajikuta upande wa Newala. Mke wangu, Somoe, Mama Zuhura mnayemjua, ni Mmakonde wa Kitangari, kule juu Newala. Mama yake yuko kule mpaka leo, ana miaka themanini na ushee, na maji yake ni ya ndoo na ya kungojea. Somoe aliniambia tukiwa tunakula, kama mtu anayeomba chumvi, "Baba Zuhura, nitengenezee gari. Nataka kumpandishia mama maji." Nikamwuliza dereva nani. Akasema, "Mimi." Nikacheka. Hakucheka. Nikaacha kucheka.

Tena alikuwa sahihi. Alipokuwa binti aliendesha trekta la chama cha ushirika, mikono yake inajua klachi kuliko yangu, na mwepesi, kilo hamsini na kitu pamoja na khanga. Kwenye kuchomoka uzito ni adui. Madereva wetu wengine walikuwa na matumbo ya sikukuu.

Gari tulilipata Nanganga. Mkulima mmoja alikuwa na Pijo 404, ile ya mizigo, imezikwa na mchanga wa mto tangu mafuriko ya zamani, imebaki paa tu juu, na kuku wanataga humo. Tulikwenda na majembe. Tulichimba siku mbili, watu wanapita barabarani wanauliza, "Nyinyi, mnachimba ming'oko?" Ile mizizi ya porini tunayochimba wakati wa njaa, unachimba shimo la mtu mzima unatoka na kitu kama kidole. Jina likabaki hapohapo. Ming'oko.

Bodi ilikuwa imeoza chini, juu nzima. Nikakata nusu ya nyuma yote. Injini ya silinda sita niliitoa kwenye gari lililopinduka, nikaikalisha nyuma ya dereva badala ya mbele, ili uzito ukandamize matairi yanayosukuma. Wenzangu waliniona nimechanganyikiwa. Ekseli ya nyuma ya lori dogo la Kiingereza ambalo hata waliolitengeneza sidhani wanalikumbuka. Mbele nikafunga matairi ya bajaji, mepesi, hayana breki wala hayana haja ya heshima. Breki zote zikawa nyuma. Bushi za usukani alinichongea mchonga vinyago wa Newala kwa mpingo, na mpaka leo hazijalia, ila alishindwa kujizuia, moja akaichonga uso wa mtu mwenye midomo. Rejeta niliitupa. Mwendo ni wa kuhesabu sekunde, nikaweka dumu la lita tano la maji ya kupoza injini. Somoe akalitazama lile dumu, akasema, "Kitangari hayo ni maji ya siku nzima." Nikapunguza, nikaweka lita tatu.

Ngozi za breki za ekseli ile hazipatikani popote. Nikazikanda mwenyewe, kama nilivyofundishwa. Nikaziingiza kwenye tanuri la nyumbani siku mbili kabla ya Idi, jioni, nikijua zitatoka Idi Mosi jioni, kesho yake tunakimbia. Haya. Jioni ya kuamkia Idi Somoe akaja na sufuria la unga wa mchele uliochachuka, mkate wa Idi, anataka tanuri. Wageni wametoka Kitangari, watu kumi na saba, wamelala mpaka jikoni, wamekuja kumshangilia. Akaniuliza:

"Zile ngozi zako vipi, zimeiva?"

Nikamtazama. Alikuwa na unga kwenye nyusi. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu, anazunguka nyumba kama ana miaka ishirini. Nikasema, "Zimeiva."

Hazikuwa zimeiva. Zilikuwa zimeokwa siku moja tu ya mbili. Nikazitoa, zikapoa, nikazigonga, zikalia ngumu. Nikazifunga. Nikazunguka na gari uwanja wa gereji, pole pole, nikakanyaga, zikashika. Nikajiambia Fundi Edifonsi alikuwa mwoga wa moto tu. Mkate ulikuwa mtamu, hilo siwezi kukataa.

Idi Pili tulitoka mapema. Kutoka nyumbani hadi uwanjani ni kilomita tatu, Somoe anaendesha, mimi nyuma nimedandia injini. Watu wa Newala walikuja na ndoo tupu, wanazipiga kama ngoma. Wa Masasi walikuwa na dereva wao Chande, Myao mwenzangu, mtu mnene mwenye Landrova iliyokatwa paa. Akaniona.

"He! Mwanaume kaolewa Kitangari kahamia na spana zake!"

"Nimehamia kwenye watu," nikamjibu.

"Shemeji," akamgeukia Somoe, "ndoo hizo ziacheni hapa, tutazipandia maua."

"Zipandie, utazimwagilia kwa machozi," Somoe akasema. Newala wakapiga ndoo mpaka mbwa wakakimbia.

Sasa mjue jinsi uwanja ulivyo. Baada ya bendera ya mwisho kuna kama mita mia mbili za kusimamia, kisha mikorosho. Na watu hukaa chini ya mikorosho ile kwa sababu ya kivuli, kina mama, watoto, wauza maandazi. Tuliwaambia kila mwaka wasikae pale. Kila mwaka wanakaa.

Magari yakapangwa mstarini. Nikainama nyuma ya Ming'oko kutoa jiwe kwenye tairi. Nikaona pale dramu inapoishia, kuna unyevu. Mweusi, kama jasho. Nikaupangusa kwa vidole viwili nikanusa. Mafuta ya korosho. Zile kilomita tatu zilikuwa zimeipasha moto ngozi ikaanza kulegea. Nikajipangusa kwenye suruali nikasimama. Nikasema pengine ni grisi. Vidole vikaanza kuwasha.

Chande ananguruma upande wa pili. Mshika bendera amenyanyua kitambaa. Mimi nimesimama pale, vidole vinawaka, nafikiri mambo ya ajabu. Kwamba Somoe ni stadi, atashusha gia. Kwamba mbio ni sekunde tu. Kwamba matangi manne, na mama mkwe. Kwamba watu wamepanda malori kutoka juu. Na lililokuwa chini ya yote, nitalisema, ni kwamba sikutaka mtu ajue kuwa fundi mimi nimetoa breki jikoni kwa ajili ya mkate. Miaka hamsini karibu ya jina. Hilo ndilo lililonishika miguu, msidhani kingine.

Nikaenda dirishani.

"Mama Zuhura, zima."

"Bendera iko juu, Baba Zuhura."

"Zima gari. Ngozi hazijaiva."

Alinitazama. "Ulisema zimeiva."

"Nilisema."

Akazima. Ndoo zikanyamaza moja moja. Nikafikiri atashuka tutaondoka kimya kimya, nitasema injini imegoma, watu watatikisa vichwa, yataisha. Hakushuka.

"Waambie," akasema.

"Nitawaambia injini—"

"Watu wametoka Kitangari na ndoo. Siyo mimi wa kuwaambia. Panda juu useme."

Nikapanda juu ya injini, ya moto, soli inanuka. Nikasema kwa sauti, jamani, mimi ndiye fundi. Hizi breki nimezioka siku moja badala ya mbili, nikazitoa tanurini uingie mkate wa Idi. Nilimwambia dereva zimeiva, hazijaiva. Gari hili halisimami. Tumeshindwa.

Kisha Chande akazima lake, akashika tumbo. "Kapika breki kama ubwabwa! Fundi, ulitia nazi?" Uwanja mzima ukapasuka. Bibi mmoja wa Newala, mweusi wa jua, alisimama na ndoo yake kichwani akaniita, "Nang'olo, mzee wangu, hebu tuambie, huo mkate ulikuwa na hiliki lakini?" Wakacheka tena, wa Newala na wa Masasi, na mimi juu ya injini sijui mikono niiweke wapi. Nikaona wengine wanageuza ndoo zao chini juu wanazikalia. Hao hawakucheka.

Mwaka uliofuata Somoe alichomoka akashinda, matangi yakapanda, hilo mnalijua, mlikuwepo mkipiga kelele. Lakini wakati ule sikujua kama kuna mwaka unaofuata.

Kazi ikawa kulirudisha gari nyumbani bila breki. Kuvuta kwa kamba haiwezekani, litampanda anayelivuta. Somoe akaweka gia namba moja, mwendo wa mtu mzima anayekwenda sokoni, na mimi nikachukua gogo, nikatembea pembeni ya tairi la nyuma, ili ukifika mteremko nilitupe mbele ya tairi. Kilomita tatu. Jua limeshaanza kuinama lakini bado kali. Watoto walitufuata hadi njia panda wakachoka.

Mimi naangalia tairi, sithubutu kuangalia dirisha. Nikasema mwishowe, "Mama atakuambia nini?"

"Mama nitamwambia mwenyewe."

Tukaenda. Kisha akaanza kusema, anaangalia barabara, sauti ya kawaida kabisa.

"Salumu kaka yangu unamjua alivyokufa."

Nilimjua kwa kusikia tu. Alikufa kabla sijamwoa Somoe, lori la chumvi, kwenye mteremko wa Newala. Nikasema ndiyo, ajali ile.

"Fundi wa lori lile alijua. Asubuhi Salumu alimwuliza, breki hizi vipi, akamwambia zitafika. Alikuja msibani, akala, akakaa na wanaume. Baada ya arobaini mke wa fundi yule ndiye aliyemwambia mama, wakiwa kwenye foleni ya maji. Mama hakumwambia mtu. Aliniambia mimi siku uliyoleta posa."

"Siku ya posa?"

"Aliniambia, huyu naye ni fundi, wewe mwangalie."

Gari likaruka jiwe, nikashika bodi. Alinyoosha usukani.

"Miaka thelathini na nne," akasema. "Kila ukimwambia mtu gari lako limepona, nenda, mimi nipo nyuma ya mlango nakuangalia mdomo. Miaka yote sikupata kujua siku halijapona utasema nini. Maana magari yako yalikuwa yanapona kweli, sasa nitajuaje?"

Vidole vyangu viwili vilikuwa vimeanza kutoa malengelenge, nikavificha kwenye gogo. Mbele yetu barabara ilikuwa inaanza kuinama, ule mteremko mdogo wa kabla ya nyumba. Akaliachia gari pole pole, akatoa mkono nje ya dirisha, akaniwekea juu ya kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu joto la mgonjwa, akaurudisha kwenye usukani.

"Gogo unalo?"

"Ninalo."

"Haya, Baba Zuhura. Sogea karibu na tairi, tunateremka."